Nani Yuko Chini ya Nani

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mkurugenzi anataka chati ya muundo wa kiwanda iwe ukutani kabla wakaguzi wa ISO hawajafika. Kifungu cha 5.3 cha ISO 9001 toleo la 2015 hakidai chati. Kinadai majukumu na mamlaka yagawanywe, yatangazwe na yaeleweke kwa kila anayehusika. Chati ndiyo njia fupi ya kuonyesha hilo. Iliyopo koridoni ina majina ya watu walioacha kazi siku nyingi.

Programu yetu ya utumishi ina kitufe cha kuchora chati. Kinachofanyika nyuma yake ni kitu kidogo sana: inasoma namba ya mfanyakazi, inasoma namba ya msimamizi wake, kisha inampanga huyu chini ya yule mpaka watu waishe. Kila kitu kinategemea safu hiyo ya msimamizi. Nimebonyeza. Zimetoka kurasa kadhaa nzuri, na wa mwisho una kichwa cha habari kilichonikosesha raha: "Wasio na msimamizi".

Jumanne, 4 Machi

Ukurasa wa mwisho ni karakana nzima. Mkuu wa matengenezo alistaafu Januari, jalada lake likafungwa, na mafundi wote waliokuwa chini yake wakabaki wanaelekezwa kwa namba isiyo na mtu. Ghalani kuna tatizo jingine: mtunza ghala ameandikwa kuwa chini ya msaidizi wake, na msaidizi chini ya mtunza ghala. Wamefanya duara, na programu imewaacha wote wawili nje.

Nimefungua upande wa likizo, maana najua maombi hupitia safu hiyohiyo. Ndivyo ilivyo. Maombi ya mafundi yamekwama tangu Januari, yanamsubiri mzee aliyekwisha kwenda kwao kulima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa siku 28 za likizo kwa mwaka, na sisi tunazo fomu zao zimelala ndani ya kompyuta. Mkurugenzi aliomba karatasi ya ukutani. Kilichojitokeza ni kwamba idara nzima haina wa kuisainia.

Alhamisi, 6 Machi

Nilibandika rasimu nje ya mlango wa ofisi ili watu wakague majina na vyeo vyao. Mchana akaja fundi umeme wa zamu ya usiku, alipaswa kuwa amelala. Alikuwa ameifuata karatasi kwa kidole, boksi kwa boksi.

"Dada, sisi wa karakana hatumo. Tumepunguzwa?"

Nimemkalisha, nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu, lakini niliona hakuamini mpaka nilipomfungulia jalada lake kwenye skrini, mkataba na mshahara vikiwa palepale. Kisha akaniuliza kuhusu likizo yake. Anataka kuwa kwao Tanga kwa Idi, mama yake si mzima sana siku hizi. Nimemwahidi jibu. Rasimu nimeibandua, na nimeazimia kwamba hakuna karatasi nyingine itakayotoka humu kabla ukurasa ule wa mwisho haujawa mtupu.

Jumatatu, 10 Machi

Na kijana wa TEHAMA tumebadilisha msingi wenyewe. Sasa mtu hafungwi kwa mtu, anafungwa kwa nafasi. Nafasi ya Mkuu wa Matengenezo ina namba yake, na mafundi wako chini ya namba hiyo, awepo mtu au asiwepo. Anayekaimu anaingizwa ndani ya boksi hilohilo, na neno "Kaimu" mbele ya jina. Mhasibu wa tawi la Mwanza, anayeripoti kwa meneja wa tawi na kwa mhasibu mkuu, amepata mstari mzima kwa wa kwanza na wa nukta kwa wa pili. Likizo yake itafuata mstari mzima.

Meneja mmoja hataki nafasi zilizo wazi zichapishwe. Anasema wakaguzi wataona tuna upungufu. Nimemjibu kwamba upungufu tunao, na wanaoubeba ni wale wanaofanya kazi za watu wawili. Boksi tupu likiwa ukutani, kila anayepita analiona. Nimepeleka suala kwa mkurugenzi. Ameunga mkono zichapishwe.

Usiku nimesoma habari za Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie, Marekani. Chati yake ya mwaka 1855, iliyochorwa na George Holt Henshaw, huhesabiwa kuwa chati ya kwanza ya kisasa ya aina hii. Imechorwa kama mti: bodi na rais wako chini kwenye mizizi, njia za reli ni matawi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba inaonyesha idadi na aina ya wafanyakazi katika kila idara, kwa taarifa za Septemba mwaka ule. Reli ya karibu maili 500 haiwezi kuangaliwa na jicho la mtu mmoja. Ilibidi ijulikane nani anampa nani taarifa. Vibarua nao walihesabiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Uchapishaji. Ukiiambia programu ibane kila kitu kwenye A3 moja, herufi zinakuwa ndogo hata mwenye macho mazima hasomi. Nimeweka ngazi za chini zishuke wima badala ya kutanuka, upana ukapungua sana. Nimehifadhi PDF ya mistari, si picha, kwa kuwa picha ikikuzwa herufi zinavurugika. Nimepeleka Kariakoo, kwa wanaochapisha ramani za majengo, karatasi ya A0, milimita 841 kwa 1189. Kwa faili la ofisi nimetengeneza ya A4: ukurasa wa kwanza viongozi, kisha kila idara na ukurasa wake. Idara nimezitofautisha kwa aina ya fremu, maana printa yetu ni ya wino mweusi tu na rangi zote hutoka kijivu. Tarehe ya kuchapishwa iko kwenye kona.

Picha na namba za simu nimeziacha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na simu ya mfagizi haina kazi yoyote ukutani.

Jumatatu, 17 Machi

Imebandikwa karibu na mashine ya kusaini mahudhurio, si koridoni kwa wakubwa. Karakana yote imo. Kaimu Mkuu wa Matengenezo amepitisha maombi yaliyokuwa yamekwama. Fundi umeme anaondoka tarehe 24. Walinzi bado hawamo kwa sababu mwajiri wao ni kampuni nyingine, lakini getini wanapokea amri zetu. Kesho naomba boksi lao la mstari wa nukta.