Ulimi Uliofungwa

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Ni kweli, lakini una kamba. Msomaji mwenzangu, inua ulimi wako mbele ya kioo nawe utaiona: utando mwembamba unaoushikilia ulimi na sakafu ya kinywa. Kila mtu anao. Watoto wengine, hata hivyo, huzaliwa utando huo ukiwa mfupi au umekaza mno, ulimi ukashindwa kuinuka au kutokeza nje ya ufizi.

Kitindamimba wetu alizaliwa hivyo. Alikuwa ananyonya saa nzima na bado analia njaa. Chuchu za mama zilichubuka hadi akawa anauma meno kila mtoto akishika titi. Majirani nao hawakukosa la kusema. Ati maziwa ya mama ni mepesi! Ati mtoto akatwe kilimi na mzee fulani mwenye wembe wake! Nyanya akasema, "Huyu atakuwa bubu."

Mama hakubishana na mtu. Alimfunika mtoto shali akaenda kliniki. Muuguzi alimpima uzito, akamtazama akinyonya, kisha akampitisha kidole chini ya ulimi. Ndipo akaeleza.

Kwanza, kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, wala hakihusiani kamwe na utando huu. Kukikata kwa wembe kunaweza kuleta kuvuja damu, pepopunda, hata kifo.

Pili, si kila ulimi uliofungwa hukatwa. Watoto wengi hunyonya vizuri mama akionyeshwa namna ya kumpakata: kinywa kiwe wazi kabisa, ashike na sehemu nyeusi ya titi, si chuchu peke yake.

Tatu, hilo likishindikana, daktari huukata utando kwa makasi yaliyotakaswa. Kwa mtoto mchanga ni kazi ya muda mfupi sana, na hutiwa titini papo hapo.

Mama alijaribu kumpakata hivyo wiki nzima, lakini uzito haukupanda. Basi daktari akaukata. Damu ilikuwa matone tu, na mtoto alilia kidogo kuliko siku ya chanjo.

Na ububu je? Ulimi uliofungwa huweza kutatiza sauti kama l na r, lakini haumzuii mtoto kujifunza kusema. Asiyesema kabisa, apimwe masikio kwanza.

Wenzangu, kesho sisi ndio wazazi. Mtoto akishindwa kunyonya, mpelekeni kliniki mapema. Wembe ni wa kunyolea.