Keya wa Butiama

Sisi wa Butiama tulimjua David Musuguri kabla nchi haijamjua. Alizaliwa kijijini kwetu mwaka 1920, na mwaka 1942 akaingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa kupigana Madagaska. Nilipokuwa mtoto, wazee waliowahi kuwa Keya walikuwa wengi Mara nzima, maana Mwingereza alipenda sana kuandikisha vijana wa huku. Jioni walikaa chini ya miti wakisimulia Burma na Madagaska, na sisi watoto tulijua kuwa askari mweusi wa enzi ile, hata awe hodari vipi, alipewa amri lakini hakupewa nyota. Hata cheo cha efendi kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza akiwa tayari anafungasha. Musuguri alipita njia hiyo yote, ngazi kwa ngazi.

Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuteka eneo lote hadi Mto Kagera, nilikuwa darasa la sita. Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alitangaza vita redioni, akisema kwamba sababu, nia na uwezo tunavyo, na kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Malori na mabasi yalichukuliwa kwa kazi ya jeshi. Pale Bunda niliona lori lililozoea kubeba marobota ya pamba limejaa vijana wa mgambo, wengine miguuni wana kandambili. Kaka yangu alikuwa ndani yake. Mama alimpa furushi la dagaa wa Musoma na unga wa muhogo, akamwambia neno moja tu kwa Kizanaki, akageuka. Wengi wao walikuwa wakulima na wavuvi waliopewa mafunzo ya wiki chache.

Watu walijivuna, sikatai. Amiri Jeshi Mkuu, Mwalimu, alitoka Butiama. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati ule, Joseph Warioba, alikuwa wa Bunda. Na mwanzoni mwa 1979 tukasikia kuwa Divisheni ya 20, iliyokuwa ikiingia Uganda, iko chini ya Musuguri. Jina la Jenerali Mutukula lilikuwa limeshamganda, kutokana na mji wa mpakani uliotekwa na jeshi letu, JWTZ, mwezi Januari. Sokoni Musoma mtu akitaja Mara alinyoosha shingo. Lakini fahari ile haikumsaidia mama yangu kulala. Kila usiku aliketi karibu na redio, na taarifa ya habari ikiisha bila jina la mwanawe alishukuru Mungu, ingawa redio isingeweza kumtaja.

Kaka ndiye aliyenieleza mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda. Machi 10, Brigedi ya 201, ambayo askari wake wengi walikuwa mgambo, ilikuwa imesogea hadi kwenye barabara inayokatiza bwawa la mafunjo kuelekea Kampala. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua makombora kwa mkupuo. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini vijana wale hawakuwa wamewahi kusikia mlio wa namna hiyo. Walivunja mstari, wakakimbilia kwenye mafunjo. Kaka alikimbia pamoja nao. Alilala kwenye maji hadi kifuani, bunduki ameiweka juu ya kichwa, akisikia watu wakiitana kwa lugha za nyumbani, Kikurya huku, Kisukuma kule, kila mmoja akitafuta wa kwao. Maofisa waliwakusanya gizani, na amri ya kamanda wa divisheni, Musuguri, ilikuwa moja: turudi, hatuachi barabara. Alfajiri ya Machi 11, Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilikuwa imezunguka na kuikata barabara kwa nyuma. Walibya na askari wa Amin wakajikuta katikati. Mamia walikufa pale.

Nilimuuliza kaka kwa nini alirudi barabarani. Akasema, "Mdogo wangu, yule mzee alianza na bunduki kama mimi. Anajua hofu inavyonuka. Akisema rudi, unarudi."

Aprili 11 Kampala ikaanguka. Butiama vigelegele vilianzia upande mmoja wa kijiji vikamalizikia mwingine. Jirani yetu wa nyumba ya tatu hakupiga kigelegele, maana mwanawe alikuwa ameshaletewa barua. Wengi wa waliokufa wamelala Kaboya, Muleba, na katika maadhimisho ya Mashujaa huwa nawafikiria wao kabla ya majemadari. Kisha ikaja njaa ya vitu. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Ikapita, na foleni ya sabuni na sukari ikabaki pale pale kwa miaka.

Musuguri alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, kisha akarudi Butiama kuishi miongoni mwetu, hadi alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Kaka hakubaki jeshini. Alinunua mtumbwi, akavua Musoma hadi nguvu zilipokwisha. Wajukuu wakimwomba habari za vita humwambia aanze na Kampala. Hukataa. Huanza na Lukaya, na huanza na kukimbia, kwa sababu anasema mtu asiyejua kuwa walikimbia hawezi kujua walichofanya waliporudi.