Nchi ya Rufiji na Maeneo Yake

Kila nchi ina sifa mbili. Iko sifa inayotembea mbali na nchi yenyewe, na iko sifa inayokaa nyumbani ikimngoja mtu aje aione. Sifa itembeayo aghalabu ni ya tukio moja, na tukio hilo aghalabu ni la hasara. Rufiji ilijulikana ulimwenguni kwa manowari iliyozama mwaka 1915. Kibiti ilisikika sana katika miaka ya 2016 na 2017 kwa mauaji yaliyowatia watu hofu. Na mwezi wa Aprili 2024 majina yote mawili yalitajwa pamoja kwa ajili ya mafuriko. Hapana uongo katika habari hizo, lakini mtu azijuaye hizo tu hajaijua nchi, kama vile mtu aliyemwona mwenziwe siku za ugonjwa tu hajamjua mwenziwe. Sifa ikaayo nyumbani ni kubwa zaidi. Imegawanyika katika maeneo manne: nchi ya juu ya Kibiti, bonde la mafuriko, delta yenye mikoko, na bahari inayoelekea Mafia. Kila eneo lina uzuri wake, na yote manne, hili kwa wingi na lile kwa uchache, yana deni kwa maji ya mto mmoja.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya kusini huingia kwanza katika nchi ya juu. Hupita Mkuranga, akapita Jaribu Mpakani na Bungu, na baada ya kilomita 140 hivi akafika Kibiti mjini. Nchi hii ni ya mchanga na vilima vidogo, nayo ni nchi ya Wandengereko. Mikorosho hutandaza matawi yake karibu na ardhi, minazi huinuka juu yake, na kando ya barabara hupangwa mafungu ya machungwa, mananasi na mihogo kwa kadiri ya majira. Macho ya haraka hayaoni kitu cha kustaajabia hapa, na wasafiri wengi huliona eneo hili kuwa ni mahali pa kunywa chai kabla ya kuendelea na safari ya Lindi na Mtwara.

Lakini chini ya mchanga huo yamo mambo. Mahali paitwapo Mkukutu, katika nchi hii ya Kibiti, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za kioo za Kirumi, na mwaka 1999 akautangazia ulimwengu wa wataalamu habari zake. Mabaharia wa karne ya kwanza waliacha kitabu kwa lugha ya Kiyunani, na ndani yake wakaitaja Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani hii waliyoijua. Wako wataalamu wanaoamini kuwa Rhapta ilikuwa karibu na milango ya Rufiji, na wako wanaoitafuta mahali pengine. Ubishi huo haujakwisha. Hata hivyo, shanga ni ushahidi usiohitaji wakili: bidhaa za mbali zilifika hapa wakati ambapo miji mingi inayosifiwa leo haijajengwa. Bila shaka kilichozileta ni maji, kwa maana mashua ya zamani ilikwenda mahali penye mlango wa mto, maji matamu na watu wenye kitu cha kuuza.

Mbele ya Kibiti nchi hushuka, na baada ya Ikwiriri bonde hufunguka. Hapa barabara huvuka mto kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni, na katika masika safari ya kusini iliweza kukatika kwa siku nyingi. Asimamaye leo kando ya daraja huona upana mkubwa wa maji ya rangi ya udongo, yakienda polepole. Udongo ule ndio utajiri wa bonde. Umebebwa na maji kutoka Usangu, Iringa, Njombe na Songea, kwa mikono mitatu ya mto: Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Nyanda za juu hupoteza, bonde hupokea.

Mrufiji ana elimu ya maji isiyofundishwa darasani. Hupanda mpunga kwa mvua za mwanzo ili uwe umeota vema kabla mto haujafurika. Maji yakija kwa kiasi, mpunga hukua pamoja nayo. Yakipungua, huacha tope jipya lenye unyevu, na katika tope hilo hupandwa mahindi, maboga na mazao mengine bila kungoja tone la mvua. Kilimo hicho cha pili huitwa mlau. Mafuriko yakiwa makubwa mno, mpunga huzama. Yasipokuja kabisa, mlau hauna mahali pa kupandwa. Kwa hiyo mkulima wa bonde haombi kuepushwa na mafuriko. Huomba mafuriko ya kadiri. Sala hii ni ngumu kueleweka na mtu wa mjini, ambaye kwake neno mafuriko lina maana moja tu.

Katikati ya mashamba husimama madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Ndani ya dungu familia hulala, hupika na kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na nyani, huku maji yakipita chini ya sakafu na mtumbwi umefungwa kwenye ngazi. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu wa bondeni walihamishiwa vijiji vya nchi ya juu. Nia ilikuwa kuwaokoa na hatari na kuwapatia shule, zahanati na visima. Faida hizo hazikanushiki. Lakini shamba lilibaki bondeni, na shamba lisilolindwa usiku huwa chakula cha wanyama. Hivyo kila majira wengi walirudi katika madungu yao. Dungu ni jengo dogo la miti na majani, na linastahili kutazamwa kwa heshima ile ile ipewayo magofu ya mawe, maana limeshinda mafuriko na limeshinda pia mipango ya watu waliolidhania kuwa ni dalili ya umaskini.

Chini ya bonde mto husahau umoja wake. Hugawanyika, matawi yakazaa matawi, na milango yake hufungukia baharini kwa majina mengi: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mengine. Hii ndiyo delta, na sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Kibiti. Mikoko yake, iliyoenea katika hekta 53,000 hivi, ni msitu mkubwa kuliko yote ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Hapa saa ya ukutani haina kazi. Mtu huuliza maji yanajaa au yanakupwa, ni bamvua au ni maji mafu, kisha ndipo ajue kama atasafiri, atavua au atakaa. Mtumbwi uliopita asubuhi mahali penye kina cha watu wawili huweza jioni kulala juu ya tope, na mwenyewe akaweka pondo chini akangoja.

Kwa mgeni miti yote ya majini ni mikoko. Kwa Mnyagatwa, mwenyeji wa visiwa vya delta, kila mti una jina, mahali na kazi yake. Mlilana husimama mbele kukabili bahari. Mkoko hushuka kwa miguu mingi kama kaa. Mchu hutoa mizizi juu ya tope mfano wa vidole ili ipate hewa. Msinzi na mkandaa hupenda ndani zaidi. Kwa karne nyingi boriti za miti hii zilihesabiwa kwa korja, zikapakiwa katika majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, zikaenda kuezeka nyumba za Arabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu. Mtu akiingia katika nyumba ya kale ya mawe ya Lamu na kujiuliza kwa nini chumba ni kirefu lakini chembamba, jibu limo darini: upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti. Hivyo msitu wa tope uliamuru umbo la nyumba za mabwana wasiojua hata njia ya kuufikia. Mwaka 1987 ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku nchini ili msitu upumue. Marufuku hiyo ina haki yake, na mkata boriti aliyerithi kazi ya babu yake ana malalamiko yake. Tena yuko mkulima aondoaye mikoko ili apande mpunga mahali ambapo maji matamu yameyashinda ya chumvi. Huvuna vema kwa miaka michache, kisha magugu na kaa humfukuza, naye hufungua mahali pengine.

Habari ya ile manowari haina budi kutajwa hapa, kwa kuwa nayo ni shahidi wa tabia ya delta. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mito ya delta, mikoko ikaifunika. Waingereza waliizuia mlangoni kwa miezi, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia. Hatimaye zililetwa Severn na Mersey, meli za mizinga zilizofaa maji ya kina kifupi, na ndege zikaruka juu kuelekeza mapigo. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao iliyokwisha kuumizwa. Mizinga yake kumi iliopolewa ikaendelea na vita nchi kavu, na mmoja wake umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Meli yenyewe imemezwa na tope. Falme mbili zilipigania maji haya, na maji hayakumbuki. Yanaendelea kujaa na kukupwa.

Eneo la nne ni bahari. Kutoka Bungu njia huenda Nyamisati, na kutoka Nyamisati vyombo huvuka kwenda Kilindoni, Mafia. Ndani ya mkondo huu hupatikana kamba, ambao huanza maisha yao katika kivuli cha mizizi ya mikoko na kuyamalizia katika nyavu. Karibu na Kilindoni, tangu Oktoba hadi Februari hivi, papa potwe huja juu kula. Samaki mkubwa kuliko samaki wote wa dunia, naye hula vijidudu vidogo sana. Wageni hulipa fedha nyingi ili waogelee kando yake. Wachache hukumbuka kuwa chakula cha bahari ile huletwa kwa sehemu na mto ule wa rangi ya udongo uonekanao pale darajani. Mwaka 2004 delta pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa viliandikwa kwa jina moja katika orodha ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu, chini ya Mkataba wa Ramsar. Waandishi wa orodha ile walitambua jambo ambalo mvuvi alilijua: mpaka wa bahari na mto ni mstari wa karatasi.

Ndiyo sababu mtu apendaye maeneo haya hana budi kugeuza macho yake juu ya mto. Huko iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous, yenye tembo, viboko, mamba na maziwa yaliyozaliwa na mto. Na huko, katika korongo la Stiegler, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mwanzoni mwa mwaka 2024 mtambo wa kwanza ulitoa umeme. Mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Taifa lililokuwa likikatikiwa umeme lina haki ya kufurahi, na mtoto wa Kibiti asomaye usiku kwa taa ana sehemu yake katika furaha hiyo.

Lakini ukuta uzuiao maji huzuia na udongo pia. Tope lililokuwa likirutubisha mlau na kuinua ardhi ya mikoko hutua sasa kwa sehemu kubwa nyuma ya ukuta. Delta ni nchi inayoliwa na mawimbi kila siku na kujengwa na mto kila mwaka. Mjenzi akipunguziwa udongo, mlaji hapunguzi njaa. Tena saa ya mafuriko, iliyokuwa mikononi mwa mvua, imo kwa sehemu mikononi mwa watu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, wengine walisema sababu ni wingi wa mvua, na wengine wakayataja maji yaliyofunguliwa bwawani. Yeyote aliye na haki katika mabishano yale, swali jipya limezaliwa: nani atamwambia mkulima wa bondeni lini apande, naye mwenye ufunguo wa maji atamsikia nani?

Swali hilo linaweza kujibiwa vema. Mto unaoweza kufungwa unaweza pia kufunguliwa kwa kiasi na kwa majira, na watu wanaojua kiasi hicho wako hai katika madungu na visiwani. Elimu yao haijaandikwa sana. Wanafunzi wa vyuo wanaotafuta mambo ya kuchunguza wangefanya vema kwenda kuikusanya: majina ya mafuriko, majina ya miti, majira ya mlau, hesabu za bamvua. Kazi hiyo ingewafaa wenye lugha kwa maneno yake, na ingewafaa wahandisi kwa maana yake. Naye mgeni ajaye kutazama tu akaribishwe; aanzie Kibiti, ashuke bondeni, apite delta, avuke bahari, na kila afikapo aulize maji ya pale yametoka wapi.