Pande za Dunia na Deni la Lugha

Watu wengi hudhani kuwa mahali ni mahali tu, na kwamba kila mwenye macho hupaona kwa jinsi moja. Mwaka 1768 Immanuel Kant aliandika kuwa maarifa ya mwanadamu juu ya pande huanzia mwilini mwake: mbele na nyuma, juu na chini, kulia na kushoto. Hoja hiyo yaonekana haina mpinzani mpaka isikilizwe lugha ya Guugu Yimithirr ya Queensland, Australia, ile ile iliyoipa dunia neno kangaruu, James Cook alipotia nanga huko mwaka 1770.

Kwa desturi wasemaji wake hawaelekezi kwa kulia wala kushoto. Kikombe huwa mashariki ya sahani, hata katika chumba kilichofungwa. Mwaka 1980 mtaalamu John Haviland alimrekodi mzee mmoja akisimulia jinsi mashua yake ilivyopinduka. Mzee alikaa akielekea magharibi, na mikono yake ikabiringika kwenda mbele. Miaka miwili baadaye alimsimulia Stephen Levinson kisa kile kile, safari hii akielekea kaskazini. Mikono ikatoka kulia ikaenda kushoto. Asiyejua angemdhania mzee kigeugeu. Kumbe mara zote mbili mashua ilipinduka kutoka mashariki kwenda magharibi.

Je, lugha basi ni gereza la akili? Hasha. Kufunga haifungi, hudai. Humdai msemaji jambo asiloweza kulinyamazia, na kwa kudaiwa kila siku akili huzoea kuliweka tayari.

Kiswahili nacho kina madai yake. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, nao hugeuka pamoja na mwenyewe. Lakini kaskazini na kusini zimetokana na kaskazi na kusi, pepo zilizoendesha majahazi, nazo hazimfuati mtu anapogeuka. Deni zito zaidi limo katika viambishi vitatu vidogo. Nyumbani pana mgonjwa, kuna mgonjwa, mna mgonjwa: cha kwanza chaonyesha mahali hasa, cha pili eneo lisilo na mipaka, cha tatu ndani. Mfasiri wa Kiingereza huvipa vyote maneno yale yale, akaendelea na kazi yake. Afadhali yeye, maana ni mgeni. Siku hizi wenyeji wengi husema kuna kwa vyote vitatu. Mtungini kuna maji, husema, na mwenye kiu huachiwa kukisia kama maji yamo ndani au yamemwagika pembeni.