Lugha Ipi, Lahaja Ipi? Kiserbia na Kikantoni Katika Mizani Moja

1.0 Utangulizi

Kulinganisha Kiserbia na Kikantoni kwaweza kuonekana kuwa ni kazi isiyo na mashiko. Lugha hizi hazina nasaba wala ujirani. Kiserbia kimo katika tawi la Kislavoni cha Kusini la familia ya Kihindi-Kiulaya. Kikantoni kimo katika kundi la Yue la lugha za Kichina, nacho huzungumzwa Guangzhou, Hong Kong, Macau na katika jamii nyingi za Wachina walioko ughaibuni.

Hata hivyo, zikiwekwa katika mizani moja, lugha hizi zinafichua tatizo la msingi la isimu. Kiserbia huhesabiwa kuwa lugha kamili, ilhali msemaji wake huelewana na Mkroatia bila mkalimani. Kikantoni huitwa lahaja ya Kichina, ilhali msemaji wake hawezi kuelewana na msemaji wa Kimandarini mpaka mmoja wao afundishwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba muundo wa lugha peke yake hautoshi kueleza hali hiyo, na kwamba jina linalopewa lugha si jambo dogo, kwa kuwa huamua mtoto ataandika kwa maneno yapi.

2.0 Toni

Msomaji wa Kiswahili, lugha ya Kibantu iliyopoteza toni na kubaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, atavutiwa kwanza na jambo linalozikutanisha lugha hizi mbili. Kiserbia sanifu kina aina nne za shadda: fupi na ndefu, na kila moja yaweza kuwa ya kushuka au ya kupanda. Neno *grad* lenye irabu ndefu inayoshuka ni 'mji'. Irabu ikiwa fupi, ni 'mvua ya mawe'. Jambo la kuvutia zaidi ni umbo *gradu*. Irabu yake ya kwanza ikishuka, neno lina uhusika wa mtendewa, 'kwa mji'. Ikipanda, ni uhusika wa mahali, kama katika *u gradu*, 'mjini'. Hapa toni inafanya kazi ya kisarufi, kazi ambayo kwa Kiswahili hufanywa na kiambishi *-ni*.

Kikantoni kina toni sita za msingi, nazo hutenganisha maneno yenyewe. Kwa mfumo wa Jyutping, uliotolewa Hong Kong mwaka 1993 na unaoonyesha toni kwa tarakimu, silabi moja hutoa maneno haya: *si1* 'shairi', *si2* 'historia', *si3* 'kujaribu', *si4* 'wakati', *si5* 'soko' na *si6* 'jambo'. Pia toni yaweza kubadilishwa ili kuunda neno jipya: *tong4* ni 'sukari', na *tong2* ni 'peremende'.

Tofauti imo katika uzito wa mzigo. Baadhi ya wasemaji wa Kiserbia wa mijini hawazitenganishi shadda zote nne, na mazungumzo hayavunjiki. Mtu akiacha toni za Kikantoni, hana lugha iliyobaki.

3.0 Maumbo ya maneno

Katika mofolojia lugha hizi zimeachana kabisa. Nomino ya Kiserbia hubadilika kwa uhusika wa aina saba, na ina jinsi tatu zinazodai upatanisho. Kitenzi huwa katika jozi: *pisati* ni kuandika bila kutazama mwisho wa tendo, na *napisati* ni kuandika mpaka kumaliza. Kikantoni hakinyambui namna hiyo, lakini hakikosi dhana hizo. Kitenzi *se2*, 'kuandika', kikifuatwa na *zo2* huonyesha tendo lililotimia, na kikifuatwa na *gan2* huonyesha tendo linaloendelea. Vilevile nomino zake huhesabiwa kwa viainishi: 'vitabu vitatu' ni *saam1 bun2 syu1*, ambapo *bun2* ni kiainishi cha vitu vilivyojalidiwa. Mtu aliyezoea ngeli za Kiswahili ataitambua tabia hiyo ya kuviweka vitu katika makundi, japo hapa hakuna upatanisho wa kisarufi unaoenea katika sentensi nzima.

4.0 Maandishi

Katika maandishi ndipo historia inapoingia. Vuk Stefanović Karadžić (1787–1864) alichapisha kamusi yake ya Kiserbia huko Vienna mwaka 1818, akifuata kanuni kwamba mtu aandike kama anavyosema, kila sauti na herufi yake. Aliiacha lugha ya kanisa iliyotawala vitabuni na kuchukua usemi wa watu wa vijijini. Upinzani ulikuwa mkali, na Serbia haikuyakubali rasmi mageuzi yake mpaka mwaka 1868, baada ya kifo chake. Leo alfabeti hiyo ya Kisirili ina herufi 30, nayo hutumika sambamba na ile ya Kilatini.

Mtoto wa Hong Kong hana bahati hiyo. Akitaka kusema 'Yeye ni mwanafunzi', husema *keoi5 hai6 hok6 saang1*. Shuleni hutakiwa kuandika Kichina sanifu, ambacho msingi wake ni Kimandarini, kisha akisome kwa matamshi ya Kikantoni: *taa1 si6 hok6 saang1*. Hakuna mtu anayezungumza hivyo nyumbani. Herufi za kuandikia *keoi5* na *hai6* zipo, nazo huonekana katika katuni, matangazo na ujumbe wa simu. Lakini katika insha ya mtihani huhesabiwa kuwa makosa.

5.0 Jina na mamlaka

Mwaka 1850 waandishi wa Kiserbia na Kikroatia walikubaliana Vienna kuwa na lugha moja ya fasihi. Mkutano wa Novi Sad wa mwaka 1954 ulisisitiza kwamba lugha ni moja yenye matamshi mawili, kama *mleko* na *mlijeko*, 'maziwa', na hati mbili zenye haki sawa. Baada ya Yugoslavia kuvunjika kuanzia mwaka 1991, majina yakawa manne: Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na, kwa katiba ya mwaka 2007, Kimontenegro. Lakini mahakama ya kimataifa ya The Hague iliyoshughulikia uhalifu wa vita hivyo (1993–2017) ilitumia kifupisho kimoja, B/C/S, na mkalimani mmoja aliwatosha wote. Watu waliopigana walisikiliza mashtaka yao kwa sauti ileile.

Kwa Kikantoni mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1974 Kichina kilifanywa lugha rasmi ya Hong Kong pamoja na Kiingereza, bila sheria kutaja ni Kichina kipi. Kikantoni kilitumika barazani na mahakamani kwa kujisitiri chini ya jina hilo pana. Huko Guangzhou, mwezi Julai 2010, wananchi walijitokeza barabarani kupinga pendekezo la kuhamishia vipindi vya televisheni ya mji wao kwenye Kimandarini. Walichokitetea hakikuwa na jina la lugha katika sheria yoyote ya nchi yao.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa karibu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikautekeleza uamuzi huo. Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikabaki lahaja. Lugha ya Komoro, iliyowahi kuhesabiwa miongoni mwa lahaja za Kiswahili, sasa hutambuliwa na wataalamu kuwa lugha ndugu katika kundi la Kisabaki. Hoja za kimuundo zilisaidia katika uamuzi huo wa pili. Katika ule wa kwanza kauli ya mwisho ilikuwa ya watawala.

Kwa hiyo, mtafiti anayeandika neno 'lahaja' aeleze kila mara analitumia kwa kigezo gani: kuelewana kwa wasemaji, nasaba ya lugha, au amri ya serikali. Vigezo hivyo vikichanganywa, anayepata hasara ni yule mwanafunzi ambaye insha yake husahihishwa kwa wino mwekundu kwa sababu ameandika kama mama yake anavyosema.