Maua ya Kiangazi: Umuravumba Mbele ya Darasa



Mwezi huu wazazi wengi wametuuliza kuhusu ule mti wenye maua kama moshi wa zambarau kando ya darasa letu. Wenzetu wa Rwanda na Burundi hawana haja ya kuuliza, wanaujua toka nyumbani: ni umuravumba. Wataalamu wanauita Tetradenia riparia. Ni wa jamaa moja na mrihani, mnanaa na zile salvia zinazopandwa kwenye bustani za nchi kavu. Sugua jani moja tu mkononi, pua itakuambia huo undugu.

Sisi walimu watatu wa kujitolea tuliupanda kwa sababu ya vumbi. Hapa Dzaleka mvua inaaga mwezi wa nne, na mpaka mwezi wa kumi na moja hakuna tone la kutegemea. Mwezi wa nane upepo ukivuma, daftari zinakuwa nyekundu. Tulitaka watoto waone kitu kimoja chenye uhai wakati huo. Lakini maji je? Kambi ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangwa kwa watu kama 10,000 au 12,000, na leo tumepita 50,000. Kwenye pampu, ndoo zinapanga mstari kabla wenyewe hawajaamka. Mama mmoja alituambia wazi: "Walimu, munapanda kitu chenye hatutakula, na maji mutapata wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tukapatana hivi: hakuna mwanafunzi atakayetumwa pampuni kwa ajili ya ua. Mti utakunywa maji yaliyokwisha kunawa mikono, basi.

Na yalitosha. Shina la umuravumba ni nene na laini, linaweka maji ndani yake. Kiangazi kikikaza unaangusha majani yake mengi, na hapo ndipo unapotoa maua, kwenye matawi karibu matupu, wakati mimea mingine yote imekata tamaa. Nyuki wanajaa tangu asubuhi. Mbuzi wa jirani alionja mara moja akaacha (hatusemi mbuzi wote).

Kupanda si kazi. Kata kijiti kilichokomaa, unene wa kidole, urefu wa mkono toka kiwiko. Toa majani ya chini. Kiache kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke, halafu zika nusu yake mahali penye jua, mvua zinapoanza. Majuma ya kwanza mwagia kidogo kidogo. Kinachouua mti huu ni maji yaliyosimama kuliko ukame, kwa hiyo usiupande kwenye mfereji wa bafu. Msimu wa mvua ukipita, unajitegemea. Maua yakikwisha lazima uupogoe kwa nguvu, bila huruma, la sivyo utarefuka kama mita tatu na matawi yatavunjika ovyo. Jambo lingine lililotushangaza: kuna mti dume na mti jike, kama mipapai. Dume ana mashuke marefu zaidi. Vijiti vya mama mmoja vyote vitakuwa vya aina moja, kwa hiyo ukitaka zote mbili, omba kwa majirani wawili.

Sasa tuseme lile la dawa, maana ndilo linalotupa wasiwasi. Wazee wetu wameutumia umuravumba kwa kikohozi, tumbo na homa, na hatuwadharau. Hata watafiti nchini Rwanda, miaka ya 1980, walipata ndani ya majani kiini kinachozuia vijidudu fulani maabarani. Lakini maabara si mwili wa mtoto. Hakuna anayejua ni majani mangapi yanamfaa mtoto wa miaka miwili. Tumeona mtoto akinyweshwa maji ya majani siku mbili huku malaria inapanda, na kituo cha afya kipo hapa hapa, kipimo kinachukua dakika chache tu. Tafadhali, wazazi: mtoto akichemka, siku hiyo hiyo mpelekeni. Mti hautakimbia.

Kuna na wanaosema, "Sisi tuko njiani, tupande mti wa nini?" Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna familia zilizokuwa zimeshauza sufuria, ikabidi zianze kununua upya moja moja. Hatuwezi kumwambia mtu asingoje, maana hata sisi tunangoja. Ila umuravumba hauombi miaka kama mwembe. Wetu ulitoa maua kiangazi cha kwanza tu. Ukiitwa, unauacha pale mlangoni, na atakayeingia nyumba hiyo atakuta kitu.

Mwisho wa mwezi wa tisa tutapogoa. Vijiti vitakuwa nje ya mlango wa darasa, jioni baada ya masomo, bure. Msije kuvunja wenyewe kabla ya hapo: darasa la tatu wameyahesabu mashuke yote, na wanajua idadi.