Si Mvivu, Wala Hakulogwa



Mdogo wangu ni mwashi hodari, mwenye miaka 36. Lakini huanza ukuta Mikelenge, kesho yuko Alunguli ng'ambo ya mto, na kazi zote mbili zabaki nusu. Husahau fedha na ahadi, hukatiza maneno ya wakubwa. Tangu utoto alikuwa vile vile. Hapa Kindu wengine walimwita mvivu, wengine wakasema amelogwa. Shemeji alikuwa karibu kurudi kwao.

Mwuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Uko ugonjwa ambao waganga wa hospitali huuita kwa Kifaransa TDAH. Huanza utotoni, mara nyingi hufuata ukoo, na wengi hukua nao. Si uchawi, wala si dhambi.

Dawa ziko. Moja ni metilfenidati, iliyotumika tangu miaka ya 1950. Humsaidia mtu kushika jambo moja. Lakini hutolewa na mganga mwenye ujuzi, maana yaweza kuharakisha moyo na kufukuza usingizi. Tena Shirika la Afya Ulimwenguni lilikataa kuitia katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2019, na tena 2021. Basi tusishangae duka likikosa. Huko Bukavu Mafrere wa Charité wana hospitali ya magonjwa ya akili, SOSAME; lakini toka kwetu ni safari ndefu.

Je, tukae tu tukingoja dawa? Hapana. Waganga wenyewe hufundisha pia njia za kupanga maisha, nasi tumeanza hizo nyumbani. Kila asubuhi kazi moja tu huandikwa ukutani kwa chaki. Kazi kubwa hukatwa vipande. Fedha hupokewa na mkewe siku ile ile. Na kijana mmoja hujenga kando yake, humkumbusha pasipo kumkaripia.

Ukuta wa Mikelenge umekwisha. Yeye bado husahau, ila shemeji yumo nyumbani, na watoto wanakwenda shule.

Ndugu, Simoni wa Kirene aliuchukua msalaba nyuma ya Bwana. Hatusomi popote kwamba alimkemea kwa uchovu wake. Katika jumuiya yako yuko mtu anayeitwa mvivu. Kabla ya kumhukumu, keti naye, umwulize: mzigo wako ni upi, nikusaidie wapi?